Seva Imefungwa kwa Matengenezo: Kinachofanyika Nyuma ya Ule Ujumbe

Alhamisi alfajiri, mchezaji wa eFootball aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anafungua simu acheze mechi moja kabla ya kwenda kazini, anakuta ujumbe kwamba seva iko kwenye matengenezo. Jana usiku mchezo ulikuwa unakwenda vizuri. Hakuna kilichokwama, hakuna aliyelalamika. Sasa kinatengenezwa nini?

Swali hilo ni la haki, na ugumu wake unaanzia kwenye neno lenyewe. Tukisikia matengenezo tunafikiria kitu kilichoharibika: gari limegoma, linapelekwa gereji. Seva ya mchezo, yaani kompyuta ya kampuni inayouendesha mchezo kwa wachezaji wote, mara nyingi hufungwa ikiwa nzima kabisa. Hufungwa kwa sababu zipo kazi ambazo hazifanyiki watu wakiwa ndani, kama meli inavyopandishwa kwenye chelezo ikwanguliwe na kupakwa rangi tumboni. Injini yake inawaka, abiria wapo, lakini rangi haipakwi majini.

Mchezo unakaa mahali pawili

Ili kuelewa kwa nini, lazima tuone mchezo wa mtandaoni unahifadhiwa wapi unapochezwa.

Mahali pa kwanza ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani ramu. Mechi yako yote iko humo: umesimama wapi, risasi ngapi zimebaki, mpinzani ameinama au amesimama, zimebaki sekunde ngapi. Hesabu hizi zinapigwa upya mara nyingi kila sekunde. Seva za Valorant, mchezo wa kurushiana risasi wa kampuni ya Riot, hupiga hesabu mara 128 kwa sekunde, maana yake kila duru ina milisekunde 7.8 tu. Na kwa kuwa Riot hupakia mechi zaidi ya tatu kwenye kiini kimoja cha prosesa, sehemu ya kompyuta inayopiga hesabu, kila mechi inabakiwa na takriban milisekunde 2.6 za kumaliza hesabu zake. Hakuna nafasi ya kuandika kila kitu kwenye diski. Seva ikizimwa katikati, mechi imekwenda.

Mahali pa pili ni hifadhidata. Hii ndiyo leja: akaunti yako, kiwango chako, marafiki, almasi za mchezo ulizonunua, nguo za mhusika, rekodi ya ushindi. Leja hii inaandikwa kwenye diski, na nakala zake huwekwa kwenye mashine zaidi ya moja.

Linganisha na tovuti ya gazeti. Ukibonyeza habari, ombi lako linajibiwa na kuisha palepale. Ombi linalofuata linaweza kujibiwa na mashine nyingine kabisa wala usijue. Ndiyo maana mafundi wa tovuti huzima mashine moja moja mchana kweupe bila msomaji kuhisi chochote. Mechi haiko hivyo. Watu kumi wako ndani ya kumbukumbu ya mashine moja, na huwezi kuwahamisha wakiwa wanarushiana risasi. Matengenezo mengi yanagusa ama ramu hii, ama leja ile, ama vyote viwili, na hapo ndipo mlango unapolazimika kufungwa.

Uchafu unaojikusanya

Programu inayofanya kazi muda mrefu huomba kumbukumbu, hutumia, kisha hutakiwa kuirudisha. Mara nyingine hairudishi. Tuseme kila mechi inayoisha inaacha kilobaiti 200 ambazo hazikurudishwa. Kwa jicho la kawaida si kitu. Lakini mashine zikiendesha mechi 50,000 kwa siku, ni gigabaiti 10 zilizopotea. Mashine inaanza kuhamishia data kwenye diski, diski ni ya polepole, na wachezaji wanaona wahusika wakiruka ruka. Kumtafuta aliyeacha kilobaiti hizo 200 kunaweza kumchukua mhandisi wiki kadhaa. Kuzima na kuwasha ni dakika chache, na kila kilichokopwa kinarudi. Wapo wanaosema huo ni uvivu. Si uvivu: timu makini hufanya yote mawili, inawasha upya leo ili watu wacheze, na inaendelea kutafuta mvujo.

Kuna uchafu mwingine usioonekana kirahisi, nao ni wa saa. Injini nyingi za zamani zilihesabu muda tangu seva iwashwe kwa namba ya desimali yenye biti 32, yaani iliyoandikwa kwa tarakimu 32 za sifuri au moja. Namba ya aina hiyo ina nafasi finyu: kadiri sehemu nzima inavyokua, sehemu ya desimali inapoteza usahihi. Seva ikifikisha sekunde 65,536, yaani saa 18 na dakika kama 12, saa yake haiwezi tena kusogea kwa hatua ndogo kuliko milisekunde 7.8. Hiyo ni duru nzima ya hesabu kwa seva ya mara 128. Ikifikisha saa 36 na dakika 24, hatua inakuwa milisekunde 15.6, na duru mbili zinazofuatana zinaona wakati uleule. Mlango unafunguka kwa kushtuka, gari linatetemeka, risasi inahesabiwa mara mbili au haihesabiwi. Mchezaji anasema intaneti mbovu, kumbe saa ya seva imechoka.

Ndugu yake ni kihesabu cha milisekunde cha biti 32. Hicho hujaa baada ya siku 49 na saa kama 17, kisha kinarudi sifuri. Programu iliyokuwa inasubiri saa ifike mahali fulani itasubiri milele. Kuwasha upya kila wiki kunahakikisha hakuna mashine inayokaribia ukingo huo.

Mfano mzuri wa kuwasha upya kwa ratiba ni EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga wa kampuni ya CCP ya Iceland, uliozinduliwa mwaka 2003. Wachezaji karibu wote wako kwenye ulimwengu mmoja, seva iitwayo Tranquility, iliyoko London. Kila siku saa 11:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, inafungwa. Zamani ilichukua saa nzima, sasa ni dakika chache. Ndani ya dakika hizo, mifumo ya nyota hugawanywa upya kwenye mashine kulingana na wapi kunatarajiwa msongamano, kumbukumbu inasafishwa, na mabadiliko ya siku hiyo yanaingizwa. Desemba 2019 CCP walijaribu kuruka siku moja bila kufunga, ili waone nini kingelemewa kwanza. Kampuni iliyoendesha mchezo kwa miaka 16 ilihitaji kulifanya hilo kama jaribio lililotangazwa. Hapo unaona mazoea ya kufunga yamejengeka kwenye mfumo wenyewe, hayakuwekwa juu yake tu.

Leja haibadilishwi watu wakiandika

Kazi nzito zaidi iko kwenye hifadhidata. Tuchukulie mchezo unataka kuanzisha msimu mpya ambamo kila silaha ina kiwango cha uchakavu. Kwenye leja hiyo ni safu mpya katika jedwali la vitu. Wachezaji milioni 10 wenye vitu 60 kila mmoja wanafanya mistari milioni 600. Kwa kasi ya mistari 50,000 kwa sekunde, kazi itachukua sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20.

Kwa nini isifanyike wakati watu wanacheza? Kwa sababu wakati mstari wako unabadilishwa, wewe unaweza kuwa unauza ile silaha. Mfumo ukisoma mstari wa zamani, ukaandika mpya, na mauzo yako yakaingia katikati, silaha inaweza kubaki kwako na ikawa pia kwa mnunuzi. Kitu kimoja kimekuwa viwili. Katika mchezo wenye soko, hilo ni janga: wajanja wakigundua njia, wanazalisha vitu maelfu kwa saa moja, bei zinaanguka, na kazi ya miezi ya wachezaji waaminifu inakuwa haina thamani. Kufunga jedwali lisiandikwe hadi kazi iishe ndiyo njia salama. Jedwali likifungwa, hakuna anayeweza kuokota wala kuuza, kwa hiyo ni heri kufunga mchezo mzima na kuwaambia watu ukweli.

Hapo pia ndipo ratiba zinapovunjika. Fundi aliijaribu kazi ileile kwenye nakala ya mistari milioni moja, ikaisha kwa sekunde 20. Kwenye leja halisi kuna akaunti za miaka mingi iliyopita zenye data ya muundo ambao hakuna anayeukumbuka. Mstari mmoja wenye jina tupu mahali pasipotakiwa kuwa patupu unasimamisha kazi saa ya tatu. Inabidi urekebishe programu ya kazi hiyo, kisha uanze upya au uendelee kuanzia ulipoishia, kama ulikuwa na busara ya kuandika ulipoishia.

Namba za utambulisho nazo hujaa. Kila kitu kinachotengenezwa ndani ya mchezo hupewa namba. Ikiwa namba hiyo ni ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi, mwisho wake ni 2,147,483,647. Mchezo maarufu unaotoa vitu mamilioni kwa siku unafika huko ndani ya miaka michache. Kuhamia biti 64 ni kugusa kila jedwali linaloitaja namba ile, na hakuna namna ya kulifanya hilo nusunusu.

Simu yako na seva lazima zikubaliane

Sababu inayoonekana wazi kwa mchezaji ni toleo jipya. Hapa kosa la kawaida ni kudhani sasisho ni lile faili unalopakua. Hilo ni nusu moja. Nusu ya pili ni programu iliyoko kwenye seva, na nusu hizi mbili huzungumza kwa lugha yenye mpangilio mkali: baiti ya tano ni aina ya silaha, baiti ya sita ni idadi ya risasi. Toleo jipya likiingiza baiti moja katikati, simu yenye toleo la zamani itasoma idadi ya risasi kama kitu kingine kabisa. Kwa hiyo seva hukagua namba ya toleo mlangoni na kumkataa asiyelingana. Na kwa kuwa mchezaji mwenye silaha iliyopunguzwa nguvu hawezi kukutana kwa haki na mwenye silaha ileile ya kabla ya marekebisho, wote wanavushwa kwa pamoja.

Wapo waliokwepa kufunga. Guild Wars 2, iliyotoka mwaka 2012, ilijengwa tangu mwanzo iweze kuendesha matoleo mawili kwa wakati mmoja: anayeingia sasa anapelekwa kwenye ramani za toleo jipya, aliyeko ndani anapata arifa yenye muda wa kuhesabu kushuka, anamaliza alichokuwa anafanya, anatoka na kuingia upya. Ni kazi nzuri sana, na inastahili sifa. Lakini gharama yake ni kwamba kila badiliko la hifadhidata lazima lieleweke na toleo la zamani pia, kwa hiyo jambo ambalo wengine hulifanya usiku mmoja, hapa hugawanywa hatua tatu au nne. Mchezo ambao haukujengwa hivyo tangu msingi hauwezi kugeuzwa kwa urahisi baada ya miaka kumi.

Matundu ya usalama

Hapa ndipo matengenezo huja bila taarifa. Tarehe 9 Desemba 2021 lilitangazwa tundu kwenye Log4j, maktaba ya programu inayotumiwa kuandika kumbukumbu za matukio. Minecraft toleo la Java ilikuwa inaitumia. Mtu alihitaji tu kuandika mstari maalumu kwenye gumzo la mchezo. Seva, ikijaribu kuandika mstari huo kwenye kumbukumbu hizo za matukio, ilikuwa inaufuata kama maagizo, inakwenda kwenye mashine ya mshambuliaji, inachukua programu na kuiendesha. Kwa ujumbe mmoja wa gumzo, seva imekuwa ya mtu mwingine. Toleo la 1.18.1 lenye kinga lilitoka tarehe 10 Desemba. Mwenye seva aliyesubiri siku yake ya kawaida ya matengenezo alikuwa anacheza na moto.

Kinga nayo ina gharama. Januari 2018, baada ya udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown na Spectre kutangazwa, watoa huduma za seva waliziba mashine zao. Epic Games walionyesha mchoro wa matumizi ya prosesa kwenye seva moja ya nyuma ya mchezo wao wa Fortnite ikipanda ghafla mara tu baada ya kuzibwa. Mchezo haukubadilika hata herufi moja, lakini mashine zilezile hazikutosha tena.

Na tundu lisipozibwa mapema, kufungwa kwake kunakuwa kwa namna nyingine. Aprili 2011 wavamizi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation. Sony waliuzima tarehe 20 mwezi huo. Akaunti takriban milioni 77 zilihusika, na huduma zilianza kurudi katikati ya Mei, zaidi ya wiki tatu baadaye.

Usiku wenyewe unavyokwenda

Mpangilio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mifupa yake inafanana.

Kwanza wanazuia mechi mpya. Kwenye Fortnite, kupangiwa mechi hufungwa takriban nusu saa kabla ya muda uliotangazwa. Si kwa bahati: mechi ndefu ya mchezo huo huisha ndani ya nusu saa, kwa hiyo aliyeingia dakika ya mwisho anapata nafasi ya kumaliza. Ukiona huwezi kuanza mechi lakini rafiki yako bado anacheza, huo ndio wakati.

Kisha wanaobaki wanatolewa, na kila kilichokuwa kwenye ramu kinachopaswa kubaki kinaandikwa kwenye leja. Inafuata nakala rudufu. Hifadhidata ya terabaiti 4 ikinakiliwa kwa megabaiti 500 kwa sekunde inachukua sekunde 8,000, zaidi ya saa mbili, ndiyo maana wengi hutumia nakala ya papo kwa papo ya mfumo wa hifadhi inayorekodi tofauti tu. Hatua hii hairukwi. Anayeiruka ili kuokoa dakika ishirini anaweka rehani kila kitu.

Halafu ndiyo kazi yenyewe: safu mpya, programu mpya, mfumo wa uendeshaji uliozibwa, diski inayoonyesha dalili za kufa kubadilishwa, vyeti vya usalama vinavyokaribia kuisha kuwekwa vipya. Kuwasha kunafuata utaratibu: hifadhidata kwanza, kisha huduma ya kuingia, kisha mikoba ya vitu, kisha seva za mechi, na lango la umma mwisho kabisa. Ukiwasha lango kwanza, mamilioni watabisha hodi kwenye nyumba isiyo na sakafu.

Lango likiwa bado limefungwa, kikundi kidogo cha wakaguzi kinaingia. Wananunua kitu kimoja kwa pesa halisi, wanatuma zawadi kwa akaunti nyingine, wanacheza mechi fupi, wanatoka na kuingia tena waone kama kila kitu kimebaki. Ukaguzi mmoja una thamani kuliko yote: jumla ya sarafu zote za wachezaji wote kabla ya kazi na baada ya kazi. Namba hizo mbili zisipolingana, hakuna anayefungua mlango, hata tofauti iwe sarafu kumi.

Hapa kuna jambo ambalo wachezaji wanaolalamikia kuongezewa muda wangefaidika kulijua. Kabla lango halijafunguliwa, kurudi nyuma ni rahisi: unarudisha nakala rudufu, unarudisha programu ya jana, umepoteza saa tatu za mafundi. Lango likishafunguliwa, hata kwa dakika ishirini, watu wameshashinda mechi, wamenunua, wamefungua masanduku ya bahati. Kurudi nyuma sasa ni kuwanyang'anya walichopata. Mhandisi akiwa na shaka, kuongeza saa mbili ni uamuzi wa kuheshimu mali yako.

Kufungua ni hatari kuliko kufunga

Wakati seva zimetoka kuwashwa, kumbukumbu zao za karibu ni tupu. Kwa kawaida, wasifu wa mchezaji unaosomwa mara kwa mara huwekwa kwenye ramu ili hifadhidata isisumbuliwe. Baada ya kuwasha upya hakuna kilichowekwa, kila ombi linakwenda moja kwa moja kwenye diski, na hayo maombi yanakuja kwa pamoja kutoka kwa watu waliokuwa wanabonyeza "jaribu tena" kwa saa nne.

Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, waliliona hili kwa ukubwa wake Oktoba 2021. Tarehe 28 mwezi huo huduma ilianguka na haikurudi kikamilifu hadi tarehe 31, saa 73 baadaye. Wakati huo ilikuwa inahudumia wachezaji milioni 50 kwa siku. Chanzo kilikuwa Consul, mfumo unaozielekeza huduma za ndani zipatane. Utaratibu wake mpya wa kusambaza taarifa ulizidiwa pale kusoma na kuandika kulipokuwa kwingi kwa wakati mmoja. Mafundi wakabadilisha mashine, kutoka zenye viini 64 kwenda zenye viini 128. Hali ikazidi kuwa mbaya, kwa sababu viini vingi zaidi vilimaanisha wagombea wengi zaidi wa kitu kilekile.

Chini yake kulikuwa na tatizo jingine, na hili ndilo linalofaa kuangaliwa kwa karibu. Consul ilikuwa inaandika kwenye hifadhidata ndogo iitwayo BoltDB. Data ikifutwa humo, faili halipungui. Kurasa zilizoachwa wazi zinaorodheshwa ili zitumike baadaye. Faili lilikuwa la gigabaiti 4.2, lakini data halisi ndani yake ilikuwa megabaiti 489 tu. Orodha ya kurasa tupu ilikuwa imefika megabaiti 7.8, na iliandikwa upya yote kila mara kitu kilipoongezwa. Kuandika kilobaiti 16 au pungufu, mashine ililazimika kuandika megabaiti 7.8. Uchafu ule ule tuliouzungumzia, safari hii kwenye diski.

Walipouzima ule utaratibu mpya mchana wa tarehe 30, Consul ilitulia. Bado hawakufungua. Walijaza upya kumbukumbu za karibu, kisha wakawaruhusu wachezaji kwa mafungu ya takriban asilimia 10, wakisubiri mzigo utulie kabla ya fungu linalofuata.

Final Fantasy XIV ilikutana na upande mwingine wa tatizo hilo Desemba 2021, nyongeza ya Endwalker ilipotoka. Mlango ulikuwa na foleni, lakini foleni nayo ni programu yenye kikomo: kundi moja la seva liliweza kushika wahusika 17,000 kwenye foleni, na aliyezidi alirushwa nje kwa kosa namba 2002. Square Enix, kampuni yenye mchezo huo, walifika mahali pa kusimamisha kuuuza hadi Januari 2022. Mashine mpya zilikuwa ngumu kupatikana kwa sababu ya uhaba wa vipuri duniani.

Kwa nini Jumanne, na kwa nini alfajiri yetu

World of Warcraft hufanyiwa matengenezo Jumanne Marekani na Jumatano Ulaya. Steam, duka la michezo ya kompyuta, nayo ina kawaida ya Jumanne jioni ya Marekani, kwa dakika chache. Siku hizo zina mantiki: wachezaji ni wachache kuliko mwisho wa wiki, Jumatatu imetumika kuandaa, na kazi ikiharibika bado kuna siku tatu za mafundi kuwa ofisini.

Saa hufuata makao ya kampuni na seva. Kampuni ya Japani inayoanza kazi saa 5 asubuhi ya Tokyo, mafundi wake wakiwa wameshakunywa chai, inamkuta mtu wa Nairobi saa 11 alfajiri. EVE hufungwa saa 5 asubuhi ya Iceland, ambayo kwa Sydney ni usiku wa saa za kucheza, na wachezaji wa huko wamelalamika miaka na miaka kwa haki kabisa.

Matangazo mengi hutolewa kwa UTC, na Kiswahili kina njia ya mkato nzuri. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, chukua saa ya UTC utoe tatu, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 11:00 UTC inakuwa saa nane mchana. Ikibaki zaidi ya 12, punguza 12: 23:00 inabaki 20, kisha 8, yaani saa nane usiku, na siku imeshageuka. Ikiwa namba ni 3 au pungufu, ongeza 12 kwanza: 02:00 inakuwa 14, toa tatu, saa kumi na moja alfajiri. Walioko Bujumbura, Kigali na Goma watoe nne. Walioko Muscat watoe mbili. Kwa matangazo ya saa za Marekani, kumbuka wao husogeza saa zao Machi na Novemba, kwa hiyo matengenezo ya Steam ya saa nane usiku wa kuamkia Jumatano yanahamia saa tisa miezi ya baridi yao.

Ni seva au ni mtandao wako?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Ilikuwa rahisi kudhani gemu yako imefungwa. Seva zilikuwa nzima. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyopotea. Kutofautisha si kazi kubwa. Matengenezo hutoa ujumbe wenye maneno, mara nyingi na muda. Gemu moja tu inakataa, nyingine zinaingia, na rafiki aliye kwenye mtandao mwingine wa simu anakataliwa vilevile. Waya ukikatika, kila kitu kinachotoka nje kinazorota pamoja, na ping, yaani milisekunde za data kwenda kwenye seva na kurudi, uliyoizoea ya 160 inapanda hadi 400 kwa sababu data yako inazunguka njia ndefu. Kama ni wewe peke yako, badili kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu kabla ya kufuta na kupakua gemu upya. Kufuta kunakula bando bure.

Kuhusu bando, gemu nyingi huruhusu kupakua toleo jipya siku moja au mbili kabla. Tumia bando la usiku, na acha nafasi ya kutosha kwenye simu: wakati wa kusasisha, faili jipya mara nyingi hujengwa kando ya la zamani kabla ya lile kufutwa, kwa hiyo sasisho la gigabaiti 2 linaweza kuhitaji gigabaiti 4 kwa muda.

Na usinunue almasi dakika za mwisho kabla ya kufungwa. Pesa inapita kwa duka la programu, lakini almasi zinatolewa na seva ya gemu, ambayo sasa haipo. Risiti inabaki inasubiri. Kwenye Google Play, ununuzi ambao gemu haijauthibitisha ndani ya siku tatu hurudishwa wenyewe kwa mnunuzi, kwa hiyo usilipe mara ya pili kwa hofu. Hifadhi namba ya oda, fungua gemu mara seva zinaporudi ili ipate nafasi ya kuidai risiti, na ukiona siku ya kwanza imepita bila almasi, ndipo uwaandikie ukiwa na namba hiyo mkononi.